Kinachovuka maji ndicho kinachomaliza pesa ya meza

Mafia. Siku ambayo boti haikuingia kutoka Nyamisati, mama wa Kilindoni huijua akiwa gengeni kabla hata ya kuambiwa. Fungu la nyanya limepungua, kitunguu kimekuwa kidogo, na muuzaji hana haraka ya kupunguza bei. Miezi ya kusi, upepo unapokaza na vyombo kuchelewa, hali hiyo hujirudia mara kwa mara.

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, lakini ni wilaya ya visiwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 66,000. Sehemu kubwa ya sukari, unga wa ngano, sembe, maharage, viazi mviringo, vitunguu na mafuta ya kula wanayotumia hupakiwa chomboni Dar es Salaam au Nyamisati, wilayani Kibiti. Nauli ya mzigo, ujira wa wapagazi na bodaboda ya kutoka gatini, vyote hulipwa na mlaji wa mwisho. Kwa wakazi wa Jibondo, kisiwa cha mawe chenye udongo haba, mzigo huohuo huvuka maji mara mbili.

Lakini kipo chakula ambacho hakijapanda boti: nazi, muhogo, viazi vitamu, kunde, matembele, kisamvu, embe, ndimu, dagaa na samaki wa maji ya karibu. Familia inayotaka kupunguza gharama za jikoni ina mahali pazuri pa kuanzia. Kabla ya kuuliza bei, iulize kitu hicho kimetoka wapi.

Jambo hili lina uzito kuliko shilingi zenyewe. Ukata unapoingia nyumbani, kinachopunguzwa kwanza mara nyingi ni kitoweo, na sahani ya mtoto hubaki na wali mtupu au ugali kwa chai. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu huanza tangu mimba na kujijenga hadi mtoto afikishe miaka miwili. Baada ya hapo kuurekebisha ni kazi ngumu. Kwa hiyo kubana matumizi kunakofaa ni kule kunakopunguza bei ya chungu, huku sahani ya mtoto ikibaki na kila kitu.

Bandu bandu ya dukani

Katika nyumba nyingi baba huacha pesa ya meza asubuhi, na mama hununua cha siku hiyo: mafuta kipimo kimoja, sukari robo, sabuni kipande, unga nusu. Hakuna aliyekosea hapo, kwa sababu pesa yenyewe imekuja kwa siku. Lakini anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa bei ya juu zaidi.

Chukua mfano wa mafuta ya kula. Tuseme lita moja ni Sh6,000, na kipimo cha Sh500 hutoka mara 15 ndani ya lita hiyo. Anayenunua kipimo kimoja kila siku, baada ya siku 15 atakuwa ametoa Sh7,500. Lita ni ileile, lakini Sh1,500 zimeondoka. Kwa mwezi ni Sh3,000, na hayo ni mafuta peke yake. Weka sukari, unga na sabuni, uone.

Bei za duka la jirani zinaweza kuwa tofauti na hizo, na kuzijua ni rahisi. Chukua chupa tupu ya lita moja, mimina humo kila kipimo unachonunua, hesabu siku mpaka ijae, kisha jumlisha pesa uliyotoa. Hesabu hiyo ndiyo ya kumwonyesha baba watoto wakati wa kuzungumzia matumizi.

Iko tahadhari moja. Dumu likikaa jikoni, mkono huwa mzito. Mama aliyezoea kukaangia kwa kipimo kimoja hujikuta akimimina viwili kwa sababu mafuta yapo, na faida yote inaishia kwenye kikaango. Anayenunua kwa lita aendelee kupima kwa kile kikombe kidogo cha dukani. Mchele na unga navyo vipimwe kwa kibaba au kopo lilelile kila siku, kisha viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, kwani unyevu wa kisiwani na wadudu nao ni walaji.

Na mtaji wa kununulia lita utoke wapi? Wengi wameupata kwenye upatu. Akina mama watano au sita wakichanga kila wiki, anayepokea anaweza kununua mchele, mafuta na sukari kwa pamoja badala ya kupeleka fedha yote kwenye vitenge na vyombo. Wengine huchanga wakanunua gunia moja na kugawana kwa kibaba. Kibubu cha udongo nacho hakijapitwa na wakati.

Fedha ya giza iliwe mbalamwezi

Mshahara wa nyumba nyingi za Mafia hautazami tarehe 30. Unatazama mwezi wa angani. Vyombo vya dagaa huvua usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa vizuri wakati wa giza. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, bahari yote ina mwanga, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika hadi mwezi upungue. Fedha huja kwa wingi siku za giza na kukauka siku za mbalamwezi, kila mwezi, bila kumshtukiza mtu.

Kwa kuwa mzunguko huo unajulikana, nyumba inaweza kuupangia. Siku za giza, kabla fedha haijapata matumizi mengine, vinunuliwe kwanza vitu vitatu vya kukaa: nafaka ya kutosha hadi giza lijalo, mafuta na sukari kwa kipimo cha mwezi, na dagaa wakavu. Wakati huo dagaa ni wengi na bei yake ni ya chini. Aliyesubiri mpaka mbalamwezi hununua dagaa walewale kwa bei ya uhaba, tena kwa mkopo. Daftari la dukani likishafunguliwa, giza linalofuata huanza kwa kulipa deni, na mtu huwa anafanya kazi ya mwezi uliopita.

Bahari haifungi mlango wote kwa wakati mmoja. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Maji yakitoka sana, miamba huwa wazi, na wanawake kwa wanaume hushuka kutafuta pweza na chaza. Kwa hiyo mbalamwezi inapowapumzisha watu wa dagaa, huwafungulia watu wa pweza. Nyumba yenye mikono yote miwili hiyo hupata kitu karibu mwezi mzima, ilimradi iheshimu maeneo yaliyofungwa kwa muda ili pweza wakue. Pweza hukua haraka, na mkubwa mmoja huleta fedha kuliko wadogo kadhaa.

Pweza ana wanunuzi wanaolipa vizuri, kwa hiyo kumuuza na kununua dagaa, kunde na mboga za majani ni hesabu nzuri. Hesabu mbaya ni kumuuza pweza, kununua sukari na ngano, na kurudi nyumbani bila kitoweo.

Samaki wa bei ndogo, faida kubwa

Changu na kolekole ni watamu, lakini hoteli nazo zinawataka, na bei yao inajionyesha. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, ndiyo maana humpa mtoto protini na madini ya chokaa kwa pamoja. Vichwa na mifupa ya samaki wakubwa, ambavyo mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini, hutoa supu nzito kwa ndimu, chumvi na pilipili. Ng'onda mmoja, akilowekwa na kuchambuliwa, huipa ladha sufuria nzima ya kunde au kisamvu. Familia ya watu saba haihitaji samaki saba. Inahitaji mchuzi ambao samaki wameenea ndani yake.

Kwa mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza kula, dagaa ni hazina. Waoshwe mchanga na chumvi, waanikwe tena, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke, watwangwe na kuchekechwa. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya unga huo vinatosha kwenye bakuli la uji mzito. Huku maziwa ya mama yakiendelea, uji wa namna hiyo ni bora kuliko uji mwepesi uliojaa sukari.

Yapo mambo ambayo kubana bei ni hatari. Jodari na vibua waliokaa juani hutengeneza sumu isiyoondoka kwa kupikwa, kwa hiyo samaki wa jioni wa bei ya kutupa anukiwe na kuangaliwa matamvua kabla ya kulipiwa. Bunju asiingie jikoni kabisa. Nyama ya kasa pia, hata ikiletwa bure. Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi ya wengine walilazwa hospitali. Sumu yake haimalizwi na moto, na mnyama mwenyewe analindwa na sheria.

Nazi moja, kazi nne

Mafia imeishi kwa mnazi tangu enzi za mashamba makubwa ya karne ya 19. Bei ya nazi na mbata hupanda na kushuka, lakini jikoni thamani yake haijashuka. Nazi moja ikikunwa vizuri hufanya kazi nne.

Kwanza ni tui zito, linalotiwa mwishoni. Pili ni tui jepesi, la kuchemshia kunde, muhogo au mboga. Tatu ni machicha, ambayo hulishwa kuku, au hukaushwa kwenye kikaango na kuchanganywa kwenye kashata. Nne ni kifuu na makumbi, ambavyo ni moto wa bure.

Nafuu kubwa zaidi iko kwenye mafuta ya kukaangia. Mchuzi wa nazi hauyadai. Kitunguu huiva ndani ya tui jepesi, na tui zito hukamilisha. Nyumba inayopika mboga kwa nazi siku tano za wiki hubaki na mafuta ya dukani kwa siku mbili tu. Tui pia humsaidia mtoto, kwa sababu vitamini A iliyomo kwenye matembele, mchicha na kisamvu hufyonzwa mwilini vizuri pakiwa na mafuta. Mtu mzima mwenye shinikizo la damu naye apunguze tui zito na chumvi.

Nyanya ikipanda bei, ukali wa mchuzi una njia nyingine: ndimu, ukwaju, mbilimbi, au embe bichi. Msimu wa maembe, mengi huozea chini ya mti. Yakimenywa, kukatwa vipande na kuanikwa juani hadi yakauke, huwekwa kwenye kopo na kutumika miezi ya kusi, wakati nyanya ya boti ni ya kuhesabu.

Asubuhi ndiyo inayokula pesa

Mzazi akichunguza matumizi yake, huenda akagundua kuwa mlo ghali kwa kadiri ya unavyoshibisha ni wa asubuhi. Chapati au maandazi ni ngano, sukari na mafuta, na vyote vitatu vimevuka maji. Kwa watoto wanne ni andazi mbilimbili kila mtu, na saa nne wana njaa.

Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, magimbi, ndizi mbichi, au shelisheli kwa mwenye mti, vinashiba zaidi na vinatoka shambani au kwa jirani. Muhogo ukipikwa kwa tui jepesi na chumvi, mtoto hadai sukari. Uji wa unga wa mahindi au mtama wenye karanga zilizotwangwa humfikisha mwanafunzi mchana. Maandazi yabaki ya Ijumaa au ya wageni, na yatapendwa zaidi.

Chai nayo ina la kusemwa. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na mboga za majani. Ni vizuri ikae mbali na chakula kwa muda wa saa moja, hasa kwa mjamzito na mtoto. Ndimu au kipande cha embe pamoja na chakula hufanya kinyume, husaidia chuma kufyonzwa.

Moto nao ni bidhaa

Mkaa hununuliwa kama unga unavyonunuliwa, lakini wengi hawauhesabu kwenye bei ya chakula. Kunde na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi. Choroko huiva haraka kuliko maharage. Sufuria yenye mfuniko huchemka kwa mkaa mchache. Matembele na mchicha huhitaji dakika chache, tofauti na kisamvu, ambacho lazima kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake iishe. Kisamvu kipikwe kingi siku moja.

Vifuu vikavu vina moto mkali, vinafaa kwa kuwashia na kwa chai ya asubuhi. Makumbi huwaka polepole, yanafaa kwa chungu cha kunde. Mikoko iachwe isimame. Kuikata bila kibali ni kosa, na ni makulio ya samaki na kamba wanaoliwa kesho.

Kiporo nacho kina hesabu yake. Wali wa nazi huchacha upesi kwenye joto la pwani. Siku ambayo wali unatarajiwa kubaki, upikwe mweupe na nazi iende kwenye mchuzi. Uchemshwe na kupashwa moto vizuri asubuhi, usikae hadi mchana.

Wiki moja ya mfano

Familia yenye shamba dogo au jirani mwenye shamba inaweza kuanza hivi, na kubadili kulingana na kinachopatikana:

Jumatatu: asubuhi muhogo wa kuchemsha, mchana ugali na dagaa wa nazi kwa matembele, usiku wali mweupe na kunde.

Jumanne: asubuhi uji wa karanga, mchana muhogo wa nazi na samaki chukuchuku, usiku ugali na mchicha kwa mabaki ya samaki.

Jumatano: asubuhi viazi vitamu, mchana wali na choroko za nazi, usiku ndizi mbichi za nazi na dagaa.

Alhamisi: asubuhi uji, mchana ugali na kisamvu chenye ng'onda, usiku supu ya vichwa vya samaki na magimbi.

Ijumaa: asubuhi maandazi, mchana wali wa nazi na samaki, usiku viazi vitamu na kunde.

Jumamosi: asubuhi muhogo, mchana ugali na kisamvu kilichobaki, kilichochemshwa tena jana na leo, usiku wali na dagaa kwa embe kavu.

Jumapili: asubuhi shelisheli au ndizi, mchana ugali na pweza au samaki wa siku hiyo, usiku uji mzito na matunda.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, huhimiza mlo mchanganyiko. Hapo juu kila siku ina chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na, siku nyingi, mboga. Kinachokosekana ni tunda la kila siku, na papai au pera la uani linatosha. Matembele hayahitaji mbegu, kwani shina lake likichomekwa ardhini karibu na mahali pa kuoshea vyombo huota. Mchicha unakua hata kwenye kiroba chenye udongo na samadi.

Kabla ya Ramadhani kuingia

Mwezi wa Ramadhani ndio unaozipima nyumba nyingi za kisiwani. Futari yenyewe ya asili, yaani muhogo, viazi vitamu, magimbi, ndizi na kunde kwa nazi, ni chakula cha hapa. Kinachopasua kibubu ni sukari ya uji na vinywaji, tambi, na mafuta ya vitu vya kukaanga. Familia inayonunua sukari kidogo kidogo kuanzia Rajabu, na kupanga vya kukaanga viwe mara mbili kwa wiki, hufika Idi bila deni dukani, na watoto hupata nguo zao.

Daftari la siku saba

Kwa mzazi anayetaka kuanza bila kubadili kila kitu kwa mkupuo, kazi ya kwanza ni ndogo. Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, chora mstari katikati. Upande mmoja andika "kimevuka," upande wa pili "cha hapa." Kwa siku saba kila shilingi ya chakula iingie upande wake, pamoja na mkaa, na pamoja na pipi na barafu za watoto.

Siku ya saba baba na mama wajumlishe pamoja. Wachague vitu viwili tu upande wa "kimevuka" ambavyo wiki ijayo vitapunguzwa au kununuliwa kwa jumla. Fedha itakayobaki igawanywe papo hapo: nusu iende kwenye kibubu cha mbalamwezi, na nusu irudi kwenye sahani ya watoto kama dagaa, yai au tunda. Isipopangiwa kazi siku hiyohiyo, itarudi dukani yenyewe.